Jacques Pépin: Mpishi Aliyeufungua Mlango wa Jikoni

Ufaransa ya mwaka 1949 haikumhesabu mpishi miongoni mwa watu wa kusifiwa. Jina lililobandikwa mlangoni lilikuwa la mwenye hoteli, na pongezi za wageni alipokea mwenye hoteli. Mpishi aliingia kwa mlango wa nyuma alfajiri, akashinda kwenye moshi na joto, akatoka usiku kwa mlango uleule. Mwaka huo mvulana wa miaka 13 aitwaye Jacques Pépin aliacha shule, akapokelewa katika jiko la Le Grand Hôtel de l'Europe, mjini Bourg-en-Bresse, awe mwanagenzi. Miaka 70 baadaye, mwaka 2019, Marekani ilimtunuku Daytime Emmy ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote katika televisheni.

Wengi wanaomfahamu Pépin wanamfahamu kwa sura ya kwenye runinga: mzee mchangamfu mwenye lafudhi nzito ya Kifaransa, kisu mkononi, anayetoa mifupa yote ya kuku huku kuku mwenyewe akibaki mzima kwa umbo. Lakini sura hiyo ilitanguliwa na zaidi ya miaka 30 ya kazi ambayo hakuna kamera iliyoiona. Historia yake inastahili kusimuliwa kwa mpangilio, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo zama zetu hulisahau upesi: umaarufu unaodumu hujengwa juu ya ujuzi uliokomaa kabla taa hazijawashwa.

Mtoto wa vita

Pépin alizaliwa tarehe 18 Desemba 1935 huko Bourg-en-Bresse, mashariki mwa Ufaransa, si mbali na jiji la Lyon. Ni eneo la watu wanaojua kula. Kuku wa Bresse, mweupe kwa manyoya na wa buluu kwa miguu, ana sifa kubwa kiasi kwamba mwaka 1957 sheria ya Ufaransa ililinda jina lake, asiuzwe kuku mwingine yeyote kwa jina hilo. Mwaka huohuo wa 1935 alifariki Auguste Escoffier, mpishi aliyeupa upishi wa Kifaransa taratibu zake za kisasa na kulipanga jiko la hoteli kwa vyeo kama jeshi. Pépin hakukutana naye, lakini alikuja kulelewa ndani ya jengo ambalo Escoffier aliweka misingi yake.

Baba yake, Jean-Victor, alikuwa seremala wa samani. Mama yake, Jeanne, aliyeitwa kwa mapenzi Jeannette, alikuwa mpishi. Jacques alikuwa wa pili kati ya wavulana watatu. Alikuwa hajatimiza miaka mitano Ufaransa ilipoangushwa na majeshi ya Ujerumani mwaka 1940. Baba aliingia katika harakati za siri za kupinga uvamizi, na mzigo wa kuwalisha watoto ukamwangukia mama. Jeannette alipanda baiskeli akazunguka kwenye mashamba ya jirani kutafuta mayai, maziwa, mkate, chochote kilichopatikana. Shule zilipofungwa, watoto walipelekwa mashambani kukaa na wakulima, kwa kuwa huko angalau njaa ilikuwa na mpaka.

Katika miaka hiyo Pépin alijifunza kwa mama yake somo ambalo baadaye angelirudia mbele ya mamilioni ya watazamaji: chakula hakitupwi. Jeannette aliyachemsha mayai, akayakata katikati, akakitoa kiini na kukiponda pamoja na kitunguu saumu, kotimiri na maziwa kidogo, akakirudisha mahali pake, kisha akayakaanga kwa upande uliojazwa hadi yakawa ya rangi ya dhahabu. Ni mayai tu, lakini mezani yalikuwa karamu. Mwanawe aliyapa jina la mama, Mayai ya Jeannette, akayapika kwenye vipindi vyake na kuyaandika vitabuni.

Vita vilipokwisha, Jeannette alifungua mgahawa, na baadaye familia ikahamia Lyon na kuendesha mgahawa ulioitwa Le Pélican. Mji huo ulikuwa na desturi ya muda mrefu ya wanawake wenye migahawa. Mmoja wao, Eugénie Brazier, mwaka 1933 alikuwa na nyota tatu za Michelin kwa kila mmoja wa migahawa yake miwili, heshima ambayo hakuna mpishi aliyekuwa ameifikia kabla yake. Katika ukoo wa Pépin pia, walioendesha migahawa wengi wao walikuwa wanawake. Kwa hiyo kijana huyu hakuingia jikoni kwa kutumwa na mtu. Alikulia humo, alipenda kelele na harufu yake, na alipomaliza mtihani wa shule ya msingi aliomba aachwe akajifunze kazi.

Jiko lisiloruhusu maswali

Uanagenzi katika Hôtel de l'Europe ulikuwa mgumu. Mwanagenzi aliamka mapema kuwasha jiko, akasugua sakafu, akanyonyoa kuku, akasafisha samaki, akamenya mboga kwa ndoo. Kupika kwenye jiko lenyewe kulikuwa heshima ya kusubiriwa kwa miezi mingi. Mpishi mkuu, Lucien Jauget, hakufundisha kwa maelezo. Alifanya, na wewe ukatazama. Mwanagenzi aliyethubutu kuuliza kwa nini jambo linafanywa hivi na si vile alijibiwa kuwa sababu ni kwamba ameambiwa. Pépin amesimulia habari hiyo mara nyingi, bila kinyongo. Anasema kazi ilimwingia kupitia macho, pua na vidole, mpaka siku moja mpishi mkuu akamwambia kwamba kesho ataanza kusimama mbele ya jiko, naye akajikuta anajua kupika bila kukumbuka ni lini alifundishwa.

Mfumo huo ulikuwa na nguvu yake na udhaifu wake. Nguvu yake ni kwamba mkono uliorudia kazi ileile mara maelfu hausahau. Udhaifu wake ni kwamba ujuzi ulibaki umefungiwa ndani: aliyekuwa nje ya jiko hakuupata, na aliyekuwa ndani hakuweza kuueleza. Sehemu kubwa ya maisha ya Pépin ilikuja kutumika kuondoa udhaifu huo bila kuipoteza nguvu ile.

Baada ya uanagenzi alikwenda Paris, akafanya kazi katika hoteli kubwa, hasa Plaza Athénée chini ya mpishi mkuu Lucien Diat. Humo walifanya kazi makumi ya wapishi, kila mmoja na kituo chake: wa michuzi, wa samaki, wa nyama za kuoka, wa mboga, wa vyakula baridi. Kijana alihamishwa kutoka kituo hadi kituo mpaka alipovijua vyote. Sheria kuu ilikuwa kufanana. Mgeni aliyeagiza sufle ya kambakoche Jumatatu alipaswa kupata sufle ileile Ijumaa, bila kutambua kwamba imepikwa na mkono mwingine. Mpishi mzuri alikuwa yule aliyejificha kabisa ndani ya kazi yake. Ni ajabu kwamba shule hiyo ya kujificha ndiyo iliyomlea mtu ambaye sura yake ingejulikana nchi nzima.

Meza ya wakuu, mlango wa nyuma

Mwaka 1956 Pépin aliitwa jeshini. Vita vya Algeria vilikuwa vinapamba moto, lakini kwa kuwa kaka yake Roland alikuwa tayari kule, Jacques alibaki Ufaransa. Ustadi wake ulijulikana upesi, akapewa kazi ya kumpikia Félix Gaillard, waziri wa fedha. Novemba 1957 Gaillard akawa waziri mkuu, naye Pépin akamfuata Hôtel Matignon, makao rasmi ya mawaziri wakuu. Hapo alifanya kazi bega kwa bega na Jean-Claude Szurdak, mpishi wa keki na vitamu, ambaye alikuwa rafiki yake wa maisha.

Serikali za Ufaransa wakati huo zilibadilika mfululizo. Gaillard aliondoka, akaja Pierre Pflimlin kwa wiki chache tu za Mei 1958, na tarehe 1 Juni akaingia Charles de Gaulle. Wakuu walipita, mpishi alibaki. Bibi Yvonne de Gaulle alikaa naye kupanga vyakula vya wiki, na Jumapili, baada ya misa, familia ilikusanyika kwa chakula cha kawaida cha nyumbani, kama paja la kondoo na maharage. Karamu za serikali zilileta viongozi wa mataifa makubwa. Pépin alikuwa na miaka 22, na chakula chake kilikuwa kwenye meza muhimu kuliko zote nchini.

Hata hivyo hakuwahi hata mara moja kuitwa ukumbini apongezwe. Hakuhojiwa na gazeti, hakupigwa picha. Kama kulikuwa na mtu wa kuingia jikoni, alikuja kulalamika kwamba kuna kasoro. Hakuona hayo kama dhuluma. Ndivyo ulimwengu ulivyokuwa. Lakini mazoea hayo yalimfanya afanye uamuzi ambao Wamarekani wengi walishangaa kuusikia.

New York na uamuzi wa ajabu

Mwaka 1959 Pépin alivuka bahari hadi New York, akidhani atakaa mwaka mmoja au miwili kisha arudi. Alipata kazi Le Pavillon, mgahawa wa Kifaransa uliokuwa juu ya yote Marekani. Mwenyewe, Henri Soulé, alikuja Amerika kuhudumu katika banda la Ufaransa kwenye Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1939, vita vikamzuia kurudi, na mwaka 1941 akafungua mgahawa wake. Mpishi mkuu alikuwa Pierre Franey, aliyekuja kwa maonyesho yaleyale akiwa kijana.

Familia ya Kennedy ilikuwa miongoni mwa wateja wa Le Pavillon. John F. Kennedy aliposhinda urais, Pépin aliombwa awe mpishi wa Ikulu ya Marekani. Alikataa. Alikuwa amekwisha kuwapikia wakuu wa nchi, na uzoefu wake ulimwambia kwamba kazi hiyo haina jina wala sauti. Nafasi ilichukuliwa na René Verdon mwaka 1961, na magazeti yakamwandika kwa shangwe, kwa kuwa Marekani ilikuwa imeanza kumtazama mpishi kwa jicho jipya. Pépin alikuwa hajaliona bado badiliko hilo.

Badala ya Ikulu alikwenda Howard Johnson's, mtandao mkubwa wa migahawa ya barabarani yenye mapaa ya rangi ya chungwa, ambako madereva na familia zao walisimama kula soseji, kombe wa kukaanga na aiskrimu za ladha 28. Soulé na Franey walikuwa wamegombana juu ya saa za kazi na malipo ya wapishi, Franey akaondoka, na Howard Deering Johnson, mteja wa Le Pavillon, akawaajiri Franey na Pépin waboreshe chakula cha kampuni yake. Kwa mpishi aliyetoka Matignon, huko kulionekana ni kushuka cheo. Johnson mwenyewe alimtaka aanzie chini, na Pépin akasimama kwenye tawi moja la Queens akigeuza hambaga kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Miaka kumi aliyokaa pale ilikuwa shule yake ya pili. Alianza kwa kupika mchuzi wa nyama kwa kiasi cha nyumbani, akaongeza kidogo kidogo, akipima kila hatua, mpaka mchuzi uleule ukapikwa kwa maelfu ya ratili kwa mkupuo. Aliondoa majarini akaweka siagi, akaondoa vitunguu vya kukaushwa akaweka vibichi. Alijifunza kemia ya chakula: kwa nini mchuzi ukigandishwa huachana na maji yake, bakteria huzaliana vipi, kiasi cha chumvi kinabadilikaje sufuria inapokuwa kubwa. Kwa mara ya kwanza maishani alilazimika kujibu swali ambalo Jauget alilikataa: kwa nini? Alijifunza pia jinsi Wamarekani wa kawaida wanavyokula, jambo ambalo asingelijua kamwe akiwa Ikulu.

Mpishi chuoni

Usiku, baada ya kazi, alisoma. Mtoto aliyeacha shule na miaka 13 alijiandikisha Chuo Kikuu cha Columbia, kwanza ajifunze Kiingereza, kisha akaendelea mwaka baada ya mwaka mpaka akapata shahada ya kwanza mwaka 1970 na ya uzamili katika fasihi ya Kifaransa mwaka 1972. Alipotaka kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya chakula katika ustaarabu na fasihi ya Ufaransa, alikataliwa. Mada ilionekana si ya kitaaluma. Wanazuoni hao waliweza kumsoma Proust na Flaubert, ambao kurasa zao zimejaa vyakula, lakini hawakuweza kukikubali chakula chenyewe kama elimu.

Pépin aliacha uzamivu, ila hakuiacha hoja. Kuanzia miaka ya 1980 alifundisha Chuo Kikuu cha Boston, ambako yeye, Julia Child na Rebecca Alssid walianzisha mafunzo ya upishi ya ngazi ya cheti na, mwaka 1991, shahada ya uzamili katika elimu ya chakula. Kilichokataliwa New York kikawa shahada kamili Boston katika muda wa miaka 20.

Maisha ya nyumbani nayo yalikuwa yamekita mizizi. Pépin alipenda kuteleza kwenye theluji, na huko mlimani Hunter, jimbo la New York, alikutana na Gloria Augier, mzaliwa wa New York mwenye asili ya Puerto Rico na Cuba. Walifunga ndoa mwaka 1966 nyumbani kwa Craig Claiborne, mhariri wa chakula wa New York Times. Mtoto wao wa pekee, Claudine, alizaliwa mwaka uliofuata. Kupitia Gloria, wali na maharage meusi viliingia kwenye meza ya Mfaransa huyu, naye tangu hapo amejiita mpishi wa Marekani. Mwaka 1970 aliacha Howard Johnson's na kufungua La Potagerie katika mtaa wa Fifth Avenue, mgahawa wa supu uliotumia kila alichojifunza kuhusu kupikia watu wengi kwa haraka bila kuharibu ladha.

Ajali iliyogeuza njia

Mwaka 1974 Pépin alikuwa anaendesha gari usiku katika jimbo la New York, kulungu akakatiza barabara. Gari liliacha njia. Pépin alivunjika mgongo, nyonga na mkono, na mifupa mingine mingi. Madaktari walifikiri hatapona, kisha wakafikiri hatatembea, na mkono wake wa kushoto nusura ukatwe. Alipona kwa miezi mingi ya uvumilivu, lakini mwili haukuweza tena kusimama saa 14 mbele ya jiko la mgahawa. Akiwa na miaka 38, kazi aliyoifanya tangu utotoni ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo historia yake inapogeuka. Kilichobaki kilikuwa ujuzi, na njia pekee ya kuutumia ilikuwa kuwapa wengine. Alisafiri Marekani nzima akifundisha katika shule ndogo za upishi na maduka ya vyombo. Alikuwa mshauri wa Windows on the World, mgahawa uliofunguliwa mwaka 1976 juu ya jengo la World Trade Center. Mwaka huohuo alichapisha *La Technique*, kitabu ambacho hakikufanana na vitabu vya upishi vya wakati wake. Hakikutanguliza orodha za mapishi. Kilionyesha mikono: picha baada ya picha, hatua kwa hatua, jinsi ya kushika kisu, kunoa, kumenya avokado, kutoa nyama ya samaki, kuunda omleti, kumfungua kuku. *La Méthode* kilifuata mwaka 1979.

Athari ya vitabu hivyo inaonekana vizuri katika kisa cha Tom Colicchio. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa gereza huko New Jersey, na kutoka maktaba ya gereza alimletea mwanawe *La Technique*. Kijana hakuwa na fedha za chuo cha upishi. Alikisoma kitabu sura kwa sura kama aliyeingia uanagenzini, akawa mmoja wa wapishi wakubwa wa Marekani, na tangu mwaka 2006 jaji mkuu wa kipindi cha *Top Chef*. Kile ambacho Pépin alikipata kwa kusimama kimya nyuma ya Jauget, kijana mwingine alikipata mezani kwao, bila kumwona mwalimu wake.

Mbele ya kamera

Televisheni ilikuwa imeujua upishi zamani. Xavier Marcel Boulestin alipika mbele ya kamera za BBC mwaka 1937. Raymond Oliver alianza vipindi vyake Ufaransa mwaka 1954. Nchini Marekani mlango ulifunguliwa hasa na Julia Child, ambaye kipindi chake *The French Chef* kilianza Boston mwaka 1963. Child hakuwa mpishi wa hoteli. Alijifunza Paris akiwa mtu mzima, na nguvu yake ilikuwa kumwondolea mwanamke wa nyumbani hofu.

Pépin alikuja na kitu kingine. Mwaka 1982 alitoa mfululizo wake wa kwanza, *Everyday Cooking with Jacques Pépin*, uliorekodiwa Jacksonville, Florida, kwa ajili ya televisheni ya umma. Kisha akahamia kituo cha KQED cha San Francisco, ambako alifanya kazi kwa karibu robo karne: *Today's Gourmet* mwanzoni mwa miaka ya 1990, *Cooking with Claudine* akiwa na binti yake, *Fast Food My Way*, *Essential Pépin* mwaka 2011, na wa mwisho, *Heart & Soul*, mwaka 2015 akikaribia miaka 80.

Televisheni ya umma ya Marekani huishi kwa michango ya watazamaji, na hali hiyo ilimfaa. Hakulazimika kupiga kelele wala kumshinda mtu. Kilichowashika watazamaji kilikuwa kasi tulivu ya mikono. Kitunguu kiligeuka vipande vidogo sawasawa wakati yeye anazungumzia mama yake. Kuku alitolewa mifupa kwa dakika moja hivi, na katika dakika hiyo Pépin alieleza kisu kinaingia wapi, kiungo kinatafutwaje, ngozi inavutwa upande gani na kwa sababu gani. Mabaki ya mboga yaliingia kwenye supu. Kila swali ambalo jiko la Bourg-en-Bresse lilikataa kulijibu, yeye alilijibu kabla halijaulizwa. Alikuwa amebaki na ukali wa kazi, akauacha ukali wa maneno.

Claudine alisaidia sana hapo. Hakuwa mpishi wa kusomea. Aliuliza maswali ambayo mtazamaji nyumbani angeuliza, akabisha pale ambapo baba alimaliza mapema mno, na baba akarudi kueleza upya. Watu wakaona jinsi ujuzi unavyohamishwa ndani ya familia, kwa upendo na kwa subira.

Kilele kilikuwa kazi yake na Julia Child. Walifahamiana tangu mwaka 1960, wakati Helen McCully, mhariri wa chakula, alipompa Pépin asome muswada mnene wa kitabu ambacho mwaka uliofuata kilitoka kwa jina la *Mastering the Art of French Cooking*. Walipokutana mara ya kwanza walizungumza Kifaransa, kwa sababu Kifaransa cha Child kilikuwa bora kuliko Kiingereza cha Pépin. Mwaka 1999 walianza *Julia and Jacques Cooking at Home*, vipindi 22 vilivyorekodiwa katika jiko la nyumba ya Child huko Cambridge, Massachusetts. Walipika bila kufungwa na mapishi yaliyoandikwa, wakabishana. Mama Julia alitaka pilipili nyeupe, Pépin nyeusi. Mama Julia aliongeza siagi pale ambapo mwenzake angeacha. Watazamaji walijifunza kwamba mabingwa wawili wanaweza kuhitilafiana juu ya jambo moja na wote wawili wakala vizuri. Mfululizo huo ulishinda tuzo ya Daytime Emmy mwaka 2001. Child alifariki Agosti 2004, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 92, na jiko lake leo liko katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Historia ya Marekani, mjini Washington.

Wakati huohuo televisheni ya upishi ilikuwa inakwenda njia nyingine. Food Network ilianzishwa mwaka 1993, na polepole vipindi vya kufundisha vikapisha mashindano, saa ya kuhesabu dakika na majaji wenye maneno makali. Wapishi vijana walianza kutafuta kamera kabla ya kumaliza kujua kisu. Pépin hakuwatukana, lakini alisema wazi kwamba mpishi kwanza awe fundi, na kwamba kipaji kisichokuwa na ufundi hakifiki mbali. Wahenga wetu walisema ujuzi hauzeeki, na ushahidi alikuwa yeye mwenyewe: mapigo ya kisu ya mwaka 1949 yaliendelea kufunza mwaka 2015.

Kurudisha alichopewa

Ufaransa, ambayo haikumwita ukumbini Matignon, ilimpa nishani ya Légion d'honneur mwaka 2004. Mwaka 2016 yeye, Claudine na mkwewe Rollie Wesen, naye mpishi na mwalimu, walianzisha taasisi yenye jina lake. Taasisi hiyo inasaidia majiko ya jamii yanayotoa mafunzo ya bure kwa watu waliotoka gerezani, wasio na makazi, waliopambana na dawa za kulevya na waliokosa ajira kwa muda mrefu. Pépin anaamini kwamba mtu anaweza kufundishwa misingi ya kazi ya jikoni katika muda mfupi, akaajiriwa, na kwa ajira hiyo akarudishiwa heshima yake.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, alianza kurekodi video fupi jikoni kwake Madison, Connecticut: yai, mkate uliobaki, kopo la maharage, mboga zilizonyauka kwenye friji. Zilitazamwa na watu wengi mno, wakiwemo vijana ambao hawakuwahi kuona vipindi vyake vya zamani. Gloria, mkewe wa miaka 54, alifariki Desemba mwaka huo. Yeye akaendelea kufundisha.

Nikiipima kazi yake yote, naona Jacques Pépin ni fundi kwanza na nyota baadaye, na kwamba utaratibu huo ndio siri ya kudumu kwake. Aliupokea ujuzi katika jiko lililokataza maswali, akautafutia majibu Howard Johnson's na chuoni, na mwili ulipomnyima mgahawa akaupeleka kwa kila mwenye runinga, kitabu au simu. Basi kijana unayeshika kisu leo na kutamani kujulikana, jifunze kwanza mpaka mkono usikosee. Na wewe fundi uliyekwisha kujua, iwe ni jikoni, karakana au cherehani, mwanagenzi wako akikuuliza kwa nini, mjibu.